Rangi Haifichi Kutu

Askari hutazamwa kwanza kwa unadhifu wake, na pikipiki anayoipanda haina budi kufanana naye. Lakini unadhifu wa rangi mpya iliyopakwa juu ya kutu ni wa siku chache tu. Mvua zikianza kunyesha, rangi hiyo hufura malengelenge, kisha hubanduka, na kutu iliyofunikwa hujitokeza ikiwa imekula chuma zaidi. Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humfichua. Kwa hiyo tunasema wazi kwamba askari anayekusudia kuipaka rangi pikipiki yake kwa mikono yake mwenyewe atumie sehemu kubwa ya muda wake katika kuiandaa, na sehemu ndogo katika kupuliza rangi.

Tunawaambia hasa ndugu zetu wa Osukuru, Tororo, Malaba na Busia. Ni katika mpaka huu ambapo neno bodaboda lilizaliwa, katika miaka ya 1960, baiskeli zilipoanza kubeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka mjini Busia. Leo pikipiki ndiyo miguu ya askari wengi. Nayo mazingira ya hapa si rafiki wa chuma. Kuna vumbi jekundu la barabara za murramu, vumbi la saruji ya Tororo, umande wa alfajiri na mvua za misimu miwili. Vumbi la saruji likilowa huganda, na mwenye kulisugua likiwa kavu huichana rangi bila kujua.

Ndiyo sababu kazi huanza kwa maji, si kwa msasa. Tangi, madigadi na vifuniko vya pembeni vifunguliwe. Petroli itolewe yote, na tangi liwekwe mbali na moto, maana mvuke unaobaki ndani ya tangi tupu huweza kulipuka kwa cheche moja. Kila kipande kioshwe kwa sabuni na maji mengi, kikaushwe, kisha kifutwe kwa kitambaa safi chenye tapentaini ili kuondoa grisi na nta. Anayeiruka hatua hii huisukuma grisi ndani ya mikwaruzo ya msasa, na rangi itakapokuja haitashika.

Hapo ndipo zamu ya msasa. Palipo na kutu pasuguliwe kwa namba 80 au 120 mpaka chuma king'ae. Kingo za rangi ya zamani zilainishwe kwa namba 240, kisha 320, hata kidole kikipita juu yake kisihisi ngazi. Rangi ya zamani iliyoshika barabara haina haja ya kung'olewa; yatosha kuuondoa mng'ao wake kwa msasa wa maji namba 400. Mabonde yazibwe kwa puti, nayo puti ikae juu ya chuma safi, kamwe isikae juu ya kutu. Vifuniko vya plastiki navyo visifutwe kwa thina kali, kwa kuwa huweza kuviyeyusha, na vitangulizwe praima ya plastiki.

Watu wa Osukuru wana sababu ya kulielewa somo hili kuliko wengine. Miamba ya vilima vyao ina fosfati, ambayo wengi huijua kama mali ya mbolea. Kutokana na miamba ya namna hiyo viwanda vya dunia hutengeneza asidi ya fosfori, na asidi hiyo imo katika dawa nyingi za kutu. Ikikutana na kutu huigeuza kuwa fosfati ya chuma, utando unaoshikamana na chuma. Lakini hata dawa hiyo haifanyi kazi ya msasa. Kutu inayomeguka itolewe kwanza, mikono ivikwe glavu, na maelezo ya kopo yafuatwe.

Chuma kilichong'arishwa kipate praima siku ile ile, maana katika hewa yenye unyevu kutu mpya huanza baada ya saa chache. Kisiguswe kwa mikono mitupu, kwani jasho lina chumvi. Praima ikikauka, ipulizwe rangi nyeusi nyembamba kama ukungu, halafu isuguliwe kwa msasa wa maji namba 600. Weusi unapobaki pana bonde. Chuma kinapochomoza pana kilima. Huo ndio ukaguzi, na kipande kilichoshindwa kirudi nyuma hatua moja bila kuonewa haya.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya fundi, na kwamba askari hana nafasi. Hatupingi kumlipa fundi apulize rangi. Rangi zinazochanganywa na kigumishi zina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo huweza kuleta pumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Hizo ni heri aachiwe mwenye vifaa kamili. Tunalopinga ni kumwachia mtu mwingine maandalizi bila kuyaona. Fundi mwenye foleni ya wateja hushawishika kufunika haraka, na mwenye pikipiki hulipa mara mbili. Rangi ya zamani nayo huenda ina risasi. Isuguliwe kwa maji, mbali na watoto.

Liko jambo la mwisho, nalo lina uzito kuliko yote. Rangi haifichi kutu, wala isitumiwe kuficha asili ya chombo. Mpakani, pikipiki iliyoibwa upande mmoja ikibadilishwa rangi huweza kuuzwa upande wa pili. Kwa hiyo namba ya chesisi, ambayo mara nyingi hugongwa karibu na shingo ya usukani, na namba ya injini zifunikwe kwa tepu kabla ya msasa, zisisuguliwe wala kuzibwa kwa puti. Anayebadili rangi iliyoandikwa katika kadi ya usajili aipashe habari mamlaka ya usajili ili kadi isahihishwe. Polisi anayesimamisha wengine kwa kosa hilo atasema nini siku atakaposimamishwa yeye?

Ndugu askari, kopo la rangi hununuliwa kwa dakika moja, lakini uvumilivu hauuzwi dukani. Tuchukue ndoo ya maji na msasa, tuanze kazi pale kutu ilipo.