Sherehe za Shule ni za Nani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nijibu neno lililosemwa katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita, neno ambalo wenzetu kadha wa kadha walilipigia makofi, nami kwa haya ya kuwa mdogo wa cheo nikakaa kimya. Kimya kile kimeniuma tangu siku ile, na leo nataka kukilipa.

Jambo lenyewe ni hili. Binti wa dada yangu, ambaye mimi ndimi nimtazamaye kwa mahitaji yake, alikuwa akimaliza kidato cha sita katika shule moja ya serikali. Kabla ya mitihani ya mwezi wa Mei yalifanywa mahafali, na kila mwanafunzi alitakiwa kuleta mchango. Mshahara wa karani waujua, Bwana Mhariri. Mwezi ule nilikuwa na mgonjwa nyumbani, na mchango haukupatikana kwa siku iliyotajwa. Siku ya sherehe ilipofika, yeye na wenzake wachache waliambiwa wasiingie ukumbini. Wakasimama nje penye dirisha, na kwaya ambayo binti yule alikuwa akiimba nayo tangu Januari ikaimba bila yeye. Nilipoileta habari hii mkutanoni, nikiomba chama chetu kiseme neno na wale wanachama wetu walio katika bodi za shule, ndugu mmoja mwenye cheo alisimama akasema: "Sherehe si elimu. Cheti chake si atapata? Asiye na fedha na akae nyumbani asome kitabu chake."

Simtaji ndugu huyu kwa jina, wala sina ugomvi naye. Ni mtu mwema, na katika mambo ya kazi amenifundisha mengi. Lakini neno lake ni baya, na ubaya wake nitauonyesha kwa habari za nchi ya mbali, maana jambo lililo karibu mno na jicho halionekani vizuri.

Katika nchi ya Marekani shule ya umma ni shule iendeshwayo kwa kodi za wananchi, nayo haitozi ada. Mwaka wa masomo huanza Agosti au Septemba, ukaisha Mei au Juni. Kwa hiyo miezi ya Machi, Aprili na Mei, ambayo kwetu ni masika, kwao ni majira ya kuchipua, baridi imekwisha na miti inatoa majani, na ndiyo miezi iliyojaa habari kupita yote katika shule zao za sekondari. Wakimbiaji huingia uwanjani. Timu za besiboli hucheza. Kwaya na bendi hutoa nyimbo zao mbele ya wazazi. Wanafunzi huigiza michezo jukwaani. Wale wa mwaka wa mwisho hufanya dansi yao kubwa wakiwa wamevaa mavazi ya heshima. Na mwisho wa yote ni siku ya majoho, jina la kila mmoja likisomwa mbele ya watu. Mtu akisikia haya aweza kudhani ni upuuzi wa watoto wa nchi tajiri. Asihukumu upesi. Na atazame kwanza ni nani waliofungiwa milango ya mambo hayo, na kwa sababu gani.

Katika mji wa Farmville, jimbo la Virginia, palikuwa na shule ya watoto weusi iitwayo Moton. Ilijengwa kwa wanafunzi wapatao 180, na kufika mwaka 1951 ilikuwa na zaidi ya 450. Wakuu wa wilaya, badala ya kujenga madarasa, waliongeza vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami, ambavyo mvua ilipita ndani na baridi iliwafanya watoto wasome wamevaa makoti. Shule haikuwa na ukumbi wa mazoezi ya mwili wala mahali pa kulia chakula. Tarehe 23 Aprili 1951, msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliwakusanya wanafunzi wenzake ukumbini, akawahutubia, wakatoka wote pamoja, wakagoma kwa muda wa majuma mawili. Mgomo ule ukazaa kesi, na kesi ile ikawa miongoni mwa zile tano zilizoamuliwa pamoja na Mahakama Kuu ya Marekani tarehe 17 Mei 1954, ilipotamkwa kwamba kuwatenga watoto katika shule za umma kwa rangi zao ni kinyume cha katiba.

Sasa na tuulize: msichana wa miaka 16 alipata wapi ujasiri wa kusimama mbele ya watu 450? Hakuupata katika kitabu cha hesabu. Alikuwa akiimba katika kwaya, akiigiza michezo, na kukaa katika baraza la wanafunzi. Na safari za shughuli hizo zilimpeleka katika shule nyingine, akaona kwa macho yake kwamba wenzake wanasoma katika majumba mazuri. Hayo ndiyo mambo ambayo ndugu yetu asema si elimu.

Haya, tuje Little Rock, katika jimbo la Arkansas. Septemba 1957 vijana tisa weusi waliingia shule ya Central, yenye wanafunzi weupe wapatao elfu mbili, na ilimpasa Rais Eisenhower kutuma askari wa jeshi la nchi ili wapite mlangoni. Habari hiyo wengi wameisikia. Isiyosemwa sana ni hii: vijana wale waliruhusiwa kuingia darasani, wakakatazwa shughuli zote zilizo nje ya masomo. Ernest Green, aliyekuwa mpiga saksofoni katika bendi ya shule yake ya kwanza, hakuruhusiwa kupiga katika bendi ya Central. Jefferson Thomas, aliyekuwa mkimbiaji mwenye sifa, hakukimbilia shule yake mpya. Minnijean Brown alipenda kuimba, na kwaya haikumpokea. Mwezi wa Februari 1958 akafukuzwa kabisa baada ya kuchokozwa mara nyingi na kurudisha neno, akaenda kumalizia masomo yake New York. Majira ya kuchipua yakaja, na mambo yote niliyoyataja hapo juu yakafanyika. Wanane waliobaki wakayatazama kutoka pembeni.

Hapa ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Wale waliowachukia vijana wale walikuwa wameshindwa katika jambo la darasa. Amri ya mahakama iliwabana, na askari walisimama mlangoni. Basi walishikilia nini mpaka mwisho? Walishikilia bendi, kwaya na uwanja. Walijua kwamba mtoto akikaa darasani peke yake, akasoma, akaenda zake, yeye ni mpangaji tu katika nyumba ya wengine. Lakini akiimba na wenzake sauti ya pili, akapokezana nao kijiti katika mbio, amekuwa mwenyeji. Je, yafaa jambo ambalo adui wa mtoto alilijua thamani yake, sisi wazazi wa mtoto tuliite upuuzi?

Tarehe 27 Mei 1958 Ernest Green alivaa joho. Sherehe ilifanywa katika uwanja wa michezo wa shule ile ile, na wahitimu walikuwa zaidi ya 600, yeye peke yake akiwa mweusi. Mchungaji Martin Luther King alikuja, akaketi pamoja na jamaa zake. Majina yalisomwa, na kila jina lilipata makofi yake. Lakini, kama Green mwenyewe alivyosimulia baadaye, jina lake lilipotajwa uwanja ulinyamaza. Akapanda, akapokea cheti, akashuka. Mtu huyu baadaye akawa mtumishi mkubwa wa serikali, msaidizi wa Waziri wa Kazi katika utawala wa Rais Carter. Kwa maneno ya ndugu yetu, angalitosheka kuletewa cheti nyumbani. Lakini yeye alikwenda kukipokea mbele ya watu, kwa sababu heshima haipelekwi kwa tarishi.

Nitaongeza jambo moja la kuchekesha na kuhuzunisha pamoja. Septemba 1958 Gavana wa Arkansas aliona heri afunge shule za sekondari za umma za Little Rock kuliko weusi na weupe kusoma pamoja, na vijana zaidi ya 3,600 wakakosa mahali pao pa kusomea kwa mwaka mzima. Darasa zikafungwa, walakini timu za mpira zikaendelea kucheza! Mwenye kuzifunga hakuthubutu kuwanyang'anya watu wake jambo lile. Basi asiniambie mtu kwamba wenye nguvu huyaona mambo haya kuwa madogo. Huyaita madogo pale wanapoombwa wayagawe.

Labda ndugu yetu atajibu: "Hayo ni ya chuki ya rangi, sisi kwetu ni habari ya fedha tu." Nakubali kwamba nia ni mbalimbali. Hakuna mwalimu wa shule ile aliyemchukia binti yetu. Lakini na asikilize jinsi fedha ilivyotumika huko. Shule nyingi za majimbo ya kusini zilipolazimika kuwachanganya watoto, ziliacha kuisimamia dansi ya majira ya kuchipua, ikawa karamu ya faragha, ya wazazi waliochanga. Na mwenye karamu huchagua wageni wake. Kwa ujanja huo mdogo, katika mji wa Charleston, jimbo la Mississippi, ambako watoto walisoma pamoja tangu mwaka 1970, dansi ya pamoja haikuwako mpaka Aprili 2008, na hata hiyo iligharimiwa na mcheza sinema Morgan Freeman, aliyeahidi kuilipia tangu mwaka 1997. Katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Georgia, wanafunzi wenyewe walichangisha fedha wakafanya dansi yao ya pamoja Aprili 2013. Mwaka uliofuata shule ikaona aibu, ikaandaa yake. Twaona basi kwamba jambo la shule likishapewa wenye michango, limekwisha kutoka mikononi mwa umma, ijapokuwa jengo na kengele ni vile vile.

Yako maneno mawili ya kujibiwa. La kwanza, sherehe hugharimu. Kweli. Basi gharama na zipunguzwe mpaka zilingane na mfuko wa shule. Zulia jekundu na keki ya ghorofa tatu havikuagizwa na serikali. Wapunguze keki, wasipunguze watoto. La pili, kwamba wasipozuiwa wasiolipa, hapana mzazi atakayelipa. Hili lanishangaza likitoka kinywani mwa mtu aliyefanya kazi ya hesabu. Sisi makarani twajua kwamba hati ya madai huandikwa kwa jina la mdaiwa. Deni la mchango lilikuwa langu mimi. Anwani yangu shule wanayo, na mahali pangu pa kazi wanapajua. Kwa nini adaiwe msichana wa miaka kumi na minane, tena mbele ya wenzake, siku ambayo haitarudi tena katika maisha yake?

Mimi nilisoma shule ya misheni, na padre wetu hakuwa mtu mlegevu. Ada aliidai kwa barua kali. Lakini siku ya sikukuu ya shule hakuna mtoto aliyeachwa nje ya kanisa wala nje ya meza, kwa kuwa, asema, hesabu zina siku zake. Nimesahau sehemu kubwa ya aljebra niliyofundishwa pale. Kuimba sauti ya nne, kungoja zamu yangu na kusimama mbele ya watu bila kutetemeka sijasahau, na kila siku ya kazi navitumia. Ni hilo la mwisho tu lililonishinda siku ya mkutano.

Naomba basi mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama wetu aliye katika bodi ya shule au kamati ya wazazi aombe iandikwe katika kumbukumbu za kikao kwamba sherehe yoyote ichukuayo jina la shule ya umma ni ya wanafunzi wote wa shule hiyo. Pili, michango idaiwe kwa wazazi, kwa barua, wala isitangazwe mbele ya watoto. Tatu, tawi letu litenge kiasi kidogo, kila mwaka kabla ya masika, cha kuwasaidia kwa siri watoto wa wenzetu waliopatwa na msiba au ugonjwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini miongoni mwetu hapana ajuaye mwezi ambao mzigo huo utakuwa wake.

Binti yetu amefanya mitihani yake, na cheti, kama alivyosema ndugu yetu, atapata. Nilimwuliza juzi kama bado anaimba. Akasema hapana. Sikumwuliza sababu.

Wasalaam,
Ni mimi,
Karani wa Masijala