Usitoke Grupu la Wasanii na Pesa za Watu

Tangu 2022, WhatsApp inakuruhusu kutoka kwa grupu kimyakimya. Maadmini pekee ndio hupata taarifa. Ni sawa, kama ulikuwa wa kutazama michoro tu. Lakini kama umelipwa mapema kuchora, au mchango wa maonyesho uko kwa simu yako, sisi tunaona kunyamaza si ustaarabu.

Kwanza maliza kazi au urudishe pesa. Mtumie mweka hazina mpya mchango wote, kisha uweke ujumbe wa muamala kwa grupu, ukifuta sehemu ya salio lako. Usimwachie laini wala PIN: laini imesajiliwa kwa jina lako. Halafu waage, washukuru, uende. Wasanii hukutana tena.