Simu mpakani: bango linakataza nini, na halikatazi nini?

Tangu Desemba 2018, marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta walipozindua kituo cha pamoja cha Namanga, msafiri anayevuka kati ya Tanzania na Kenya hapo husimama mara moja tu. Maofisa wa nchi zote mbili humhudumia upande wa nchi anayoingia. Lakini agizo lililozoeleka katika vituo vingi vya mipakani liko palepale: usipige picha, na ukifika dirishani simu weka mfukoni.

Sababu zipo. Kompyuta ya ofisa wa uhamiaji huonyesha taarifa za watu wengine. Picha ya ukumbi inaweza kuonyesha kamera zilipo na mizigo inavyokaguliwa, na hilo mlanguzi angependa sana kulijua. Tena, anayeulizwa aendako huku simu iko sikioni huenda anasomewa majibu na mtu mwingine.

Sheria nazo zipo. Nchini Kenya, Sheria ya Siri za Serikali inafanya kuwa kosa kupiga picha mahali palipozuiwa bila idhini ya msimamizi wa hapo. Tanzania inayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, inayohusu maeneo yanayolindwa.

Shida huanza pale simu inapokuwa ndiyo pochi. Chukua mama anayevusha magunia mawili ya vitunguu. Bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha ya wafanyabiashara wadogo, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hazitozwi ushuru wa forodha. Hata hivyo vibali vingine huwa na ada. Serikali zenyewe zimetuzoesha kulipa kwa simu: Tanzania kwa kontroo namba, Kenya kupitia eCitizen. Basi mama anaambiwa alipe, na ukutani bango linamwambia simu marufuku. Hapo inabaki hiari ya ofisa, na penye hiari isiyoandikwa ndipo "chai" huombwa. Ni afadhali kuomba kwanza, kwa sauti na mbele ya watu: "Afande, naomba nitumie simu nilipe." Kisha usifute ujumbe wa malipo.

Jambo ambalo wengi hulichanganya ni hili: kuambiwa "weka simu" si sawa na kuambiwa "fungua simu nisome." Katiba ya Kenya, ibara ya 31, na ya Tanzania, ibara ya 16, zinalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Ulinzi huo una mipaka, maana sheria inaweza kuruhusu upekuzi. Lakini bango la kukataza simu haliruhusu upekuzi wowote. Ukitakiwa kufungua meseji zako, uliza kwa heshima ni kwa sheria ipi, na kumbuka jina la anayekutaka.

Na rushwa je, ikiwa huwezi kuirekodi? Kichwa chako hakijakatazwa. Shika jina lililo kifuani, saa, na dirisha ulilohudumiwa. Ukishatoka eneo hilo, TAKUKURU hupatikana kwa 113 nchini Tanzania, na tume ya kupambana na rushwa ya Kenya, EACC, kwa 1551. Kupiga ni bure. Tumia laini ya nchi husika, kwa kuwa namba fupi kama hizi ni za ndani ya nchi.