Gari la Kushushwa Lataka Hesabu

Yeyote anayetazama barabara za miji yetu siku hizi amekwisha kuona jinsi vijana wanavyoyapenda magari ya zamani. Corolla iliyoundwa katika miaka ya 1990, au Golf iliyoitangulia, hununuliwa ikiwa imechakaa, ikapakwa rangi, ikashushwa hadi karibu iguse lami, kisha ikavishwa rimu pana zinazometameta. Wazee hutikisa vichwa wakisema kwamba huo ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Vijana nao hujibu kwamba wazee hawaujui uzuri. Twaona kwamba pande zote mbili zimekosea shabaha. Kupenda gari la kupendeza si dhambi. Kosa ni kuchagua kwa macho kitu ambacho chafaa kuchaguliwa kwa hesabu.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Tairi, rimu, springi na shokabzoba, yaani kile kifaa kinachotuliza mtikisiko wa springi, hufanya kazi kwa pamoja, na anayegusa kimoja amevigusa vyote. Tairi linalokwaruza madigadi kila gari linapokata kona hulika ubavu, na siku moja hupasuka gari likiwa katika mwendo wa kasi. Hapo anayeumia si dereva peke yake, bali pia mama aliyesimama kituoni na mtoto anayetoka shuleni. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya sheria za Kenya, yakataza kutumia barabarani gari ambalo hali yake yaweza kuwahatarisha watu. Kwa hivyo jambo hili si la urembo tu.

Basi na tuanze na tairi. Baadhi ya Corolla za miaka hiyo zilikuwa na tairi lililoandikwa 175/70R13. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi, kikiwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 70 ya 175 ni 122.5. Tukijumlisha ubavu wa juu na wa chini twapata 245, na inchi 13 ni milimita 330.2. Kwa hivyo kipenyo cha tairi zima ni milimita 575.2.

Sasa kijana ataka rimu ya inchi 15. Akichagua tairi la 195/50R15, hesabu ileile yampa milimita 576. Tofauti haifiki hata milimita moja! Gurudumu limekuwa kubwa machoni, lakini gari halikupanda wala kipimamwendo hakikudanganywa. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: rimu ikiongezeka, ubavu wa tairi hauna budi kupungua kwa kadiri hiyohiyo.

Tumtazame mwingine asiyepiga hesabu. Yeye amekata shauri kulivisha gari lake tairi la 205/55R16 kwa kuwa ameliona katika gari la jirani. Kipenyo chake ni milimita 631.9, na hivyo nusu kipenyo kimezidi kile cha asili kwa milimita 28. Tuseme amelishusha gari kwa milimita 40. Nafasi iliyokuwa kati ya tairi na madigadi imepungua kwa 40, kisha kwa 28 tena, jumla 68. Lakini kwa kuwa tairi kubwa limeliinua gari, bodi imekaribia ardhi kwa milimita 12 tu. Amelipia springi, amelipia matairi, amepoteza nafasi yote ya gurudumu kupanda na kushuka, na faida aliyoipata haizidi unene wa kidole. Isitoshe, kipimamwendo kikimwonyesha kilomita 100 kwa saa, kumbe yuaenda karibu 110.

Jambo la pili ni upana wa rimu na kile ambacho mafundi hukiita ofseti. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokutana na kitovu cha gurudumu. Kwa mfano, Golf ya pili ilikuwa na rimu ya upana wa inchi 5.5 na ofseti 38. Akiitoa na kuweka ya inchi 7 yenye ofseti ileile, rimu itaongezeka kwa milimita 19 upande wa ndani, kuelekea shokabzoba, na 19 upande wa nje, kuelekea madigadi. Ofseti ikishuka hadi 25, upande wa ndani huongezeka kwa 6 tu, lakini wa nje hutokeza kwa 32. Anayenunua rimu bila kuiuliza namba hii anunua mbuzi ndani ya gunia.

Aidha, matundu ya bolti kulingana hakutoshi. Golf ile na Corolla tuliyoitaja zote zina matundu manne yaliyopangwa katika duara la milimita 100, na wengi hudhani rimu ya moja yafaa nyingine bila shida. Lakini tundu la katikati la rimu ya Golf ni milimita 57.1, ilhali kitovu cha Corolla ni 54.1. Pasipo pete ya kuziba hizo milimita tatu, rimu haitakaa katikati barabara, na usukani utatetema. Tena nati yenye umbo la pia haikai sawasawa katika tundu la mviringo. Yaweza kulegea njiani.

Sasa tufike kwenye springi, ambako ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Wako wanaokata springi kwa msumeno, na wako wanaozichoma kwa moto wa gesi mpaka zibonyee. Moto huo huiondolea chuma nguvu iliyotiwa kiwandani, na springi huendelea kubonyea siku hadi siku. Ama kukata, mwanafunzi wa fizikia ajua kwamba ugumu wa springi na idadi ya mizunguko yake zina uwiano kinyume. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ikikatwa mmoja, huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Licha ya hayo, imekuwa fupi kuliko shokabzoba iliyokusudiwa kufanya nayo kazi, na gurudumu likining'inia juu ya shimo yaweza kuchomoka mahali pake. Njia ya haki ni springi fupi zilizoundwa kwa ajili ya gari hilo, pamoja na shokabzoba zinazolingana nazo. Na kabla ya hayo yote, bushi na beringi zilizolika zibadilishwe, kwani asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Je, kijana wetu achague nini? Barabara zetu zina matuta na mashimo, na safari nyingi huishia kwenye murram. Lile tairi la 195/50R15 lina ubavu wa milimita 97.5 tu wa kupokea pigo la shimo, ambapo la asili lilikuwa na 122.5. Tairi la 185/60R14 lina kipenyo cha milimita 577.6, karibu sawa na la asili, na ubavu wake ni 111. Kwa gari linalotumika kila siku, hilo ndilo chaguo letu, na kushusha kusizidi milimita 30 au 40. Tairi lichunguzwe pia namba ya uzito: 82, kwa mfano, maana yake ni kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 475. Asikubali namba iliyo chini ya ile ya asili. Kazi ikiisha, magurudumu yapimwe na kunyooshwa upya, kwa sababu gari likishuka pembe zake hubadilika na matairi huliwa upande mmoja. Kisha watu wanne waketi ndani, usukani uzungushwe hadi mwisho kulia na kushoto, na gari livushwe tuta polepole. Likikwaruza, kazi haijaisha.

Walimu wataona kwamba yote tuliyoyataja yamo katika vitabu vyao: asilimia, kipenyo, uwiano, nguvu za springi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 uliahidi elimu ya vitendo, na mtaala wa umilisi ulioanza kuchukua nafasi yake mwaka 2017 umeahidi vivyo hivyo. Ahadi hiyo haihitaji maabara ya mamilioni. Yahitaji mwalimu mmoja atakayewatoa wanafunzi nje, awasomeshe namba zilizo ubavuni mwa tairi la gari lililoegeshwa uani, kisha awaulize ni tairi gani jingine laweza kukaa mahali pale. Mwanafunzi anayesinzia mbele ya ubao ataamka, maana hapo hesabu itakuwa imegusa kitu anachokitamani.

Mafundi wetu wa jua kali wana mikono stadi, na vijana wana ari. Kinachokosekana ni kalamu na karatasi kati ya tamaa na msumeno. Kijana asilaumiwe kwa kulipenda gari lake. Aombwe tu alipigie hesabu kabla hajalipakia wenzake.