Foto Ni ya Nani? Maneno Yetu Juu ya Kazi ya Kupiga Picha Nakivale

Wiki hii hatuongei juu ya mgao wala juu ya fomu. Tunaongea juu ya foto.

Mmoja wetu anapanga chumba Nyamityobora, hapa Mbarara. Hakukifuata kwa raha za mji. Duka la kusafisha picha liko mjini, wateja wetu wako kambini, na lazima mtu akae katikati. Wenzake walio Base Camp, Juru na Rubondo wanapiga harusi, ubatizo, birthday za watoto, mahafali ya shule ya chekechea. Wanamtumia picha kwa simu usiku, wakati bando ni ya bei nafuu, au wanampa dereva wa teksi memori kadi imefungwa kwenye karatasi. Yeye anachagua, anarekebisha mwanga, anapeleka dukani, anarudi na bahasha. Anaifunga kwa nailoni mara mbili, moja ya mvua na moja ya vumbi, halafu anapanda teksi ya Nakivale.

Akishuka tu, watu wako pale wanamsubiri. Malipo yetu ni nusu kwanza, nusu ukishika picha mkononi. Ukichelewa siku tatu, mama ya bibi harusi anakutafuta mpaka kanisani. Anasimama mlangoni, hakusalimii. Anauliza tu: "Foto zetu ziko wapi?"

Zamani tulikuwa tunaona hilo swali kama usumbufu. Siku hizi tunaliona kama ndilo linalotulinda. Mama huyo amelipa, kwa hiyo foto ni yake. Ndiye anasema simama hapa, usikate miguu, onyesha kitenge chote, huyo shangazi asikose. Anayelipa foto ndiye anaamua sura ya mtu aliye ndani yake. Ndilo neno letu la leo, na yote tutakayosema yanatoka hapo.

Kwa nini tunapiga

Watu wa nje wakituuliza kwa nini tulianza kupiga picha, wanangojea jibu zuri, eti tulitaka kusimulia hadithi ya watu wetu. Tuseme ukweli: wengi wetu tulianza kwa njaa. Mnakumbuka mwaka 2023, WFP ilipogawa watu kwa makundi, wengine wakapata asilimia 60 ya mgao, wengine 30, na kundi la tatu likaachwa bila kitu. Kijana mwenye afya na mikono miwili alijua yuko kundi gani. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, lakini kazi yenyewe lazima uitafute. Wengine walishika boda, wengine cherehani, wengine kinyozi. Sisi tukashika kamera, tena ya kukodi kwa siku.

Lakini njaa inaeleza namna tulivyoanza. Haielezi kwa nini mtu anarudi siku ambayo hakuna pesa. Kamera ya kukodi inakula nusu ya unachopata. Betri inaisha katikati ya ibada, na mwenye sola anakwambia kuna simu 20 mbele yako. Harusi inaahirishwa na depoziti umeshainunulia unga. Na bado mtu anaamka, anafuta lenzi kwa shati, anaenda.

Tukiulizana wenyewe, jibu linakuja kwa mifano. Mzee mmoja wa jirani alituletea simu yenye kioo kilichovunjika. Ndani kulikuwa na picha moja ya watu kumi na wawili, imepigwa kwao Kongo kabla hawajakimbia. Wa tatu kutoka kushoto, uso mdogo kama punje ya mahindi, ni mke wake marehemu. Hakuna picha nyingine yake duniani. Alituomba tumtoe peke yake, tumkuze, tumpe nguo nzuri. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, maana ukikuza sana uso unakuwa kama mawe ya barabarani. Tulipompa, aliishika kwa pembe kama kitu cha moto. Hakusema ahsante. Alituomba ya pili, ya binti yake aliyepelekwa Marekani.

Sisi ni watu tuliokimbia bila albamu. Mtu alibeba mtoto, sufuria, labda kitambulisho. Foto zilibaki ukutani, na nyumba nyingine hazina tena ukuta. Ndiyo maana hapa foto si pambo. Dada anataka picha ya kumtumia kaka yake aliye Goma, aone kwamba wako hai na hawajakonda. Mama anataka mtoto apigwe kila mwaka siku ileile, ili siku moja baba akipatikana aone miaka iliyompita. Tukijua hivyo, hatuwezi kuiita kazi ya kupoteza muda.

Na kuna jambo lingine tunaloonaga. Karibu hakuna mteja aliyewahi kutuomba tumpige akiwa ameinama. Wanakuja wamepaka viatu kiwi. Wanaazimana koti, tunalijua koti moja la bluu lililopigwa picha na wanaume zaidi ya kumi. Msiwacheke. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948, na wateja wake walikuwa wanaazima saa, redio, hata suti kwake ili wapigwe wakiwa nazo. Leo picha hizo ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia, na hakuna anayesema wale watu walikuwa waongo. Walionyesha wanavyotaka kuonekana. Hiyo pia ni kweli.

Mzee wa hapahapa

Hatuhitaji kwenda Mali ili kupata mfano. Hapa Mbarara palikuwa na mzee anaitwa Musa Katuramu, aliyepiga picha za watu wa Ankole kuanzia miaka ya 1930 na kuendelea. Hakuishi kwa kamera peke yake, alikuwa na kazi nyingine, kama sisi tu. Watu aliowapiga wamesimama wima, wamevaa vizuri, wanaangalia kamera bila woga. Negativu zake zilitunzwa na familia yake miaka mingi. Halafu mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens wa Uholanzi na Rumanzi Canon wa Uganda, ukazitoa kwenye kitabu.

Tujiulize. Nakivale imeanza kupokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ni moja ya kambi za zamani kuliko zote Afrika. Watu wamezaliwa hapa, wameoa hapa, wamezikwa hapa. Picha za miaka yote hiyo ziko wapi? Nyingi za zile zinazoonekana ziko kwenye ripoti: mtu na jerikeni, mtu na foleni, mtu na jina la shirika mgongoni. Harusi zetu haziko. Timu zetu za mpira haziko. Kama mjukuu wetu atatafuta sura yetu, atatukuta tumeshika bakuli.

Kosa letu wenyewe

Hapa tunataka kuwa wakweli, kwa sababu ni rahisi kulaumu wageni.

Siku moja mmoja wetu aliajiriwa na wageni kwa siku moja. Pesa ya siku hiyo ilikuwa kama harusi sita. Waliomba picha ya mtoto njiani. Mtoto alikuwepo, amevaa sandali mpya za plastiki, za njano, mama yake alikuwa amemnunulia wiki hiyohiyo. Mgeni hakusema kitu juu ya sandali. Ni sisi tuliosema. Tulimwambia mtoto: vua viatu kidogo. Tulijua picha gani inatakiwa, hata hatukusubiri kuulizwa. Mtoto akavua, akavishika nyuma ya mgongo, akauliza: "Nimefanya kosa gani?"

Tulipiga. Tulilipwa. Ile picha hatujaiona tena, na mama yake hajaipata mpaka leo.

Mnaona sasa? Mpiga picha ni yuleyule, kamera ni ileile, njia ni ileile tunayopita kwenda kwenye harusi. Kilichobadilika ni anayelipa. Mama akilipa, viatu vinapakwa kiwi. Mtu wa mbali akilipa, viatu vinavuliwa. Kwa hiyo haitoshi kusema "ajirini wakimbizi wapige picha, wao wanajua utu". Sisi ni wakimbizi, na tulimvua mtoto viatu.

Tunajua mtatujibu nini

Ndugu zetu wa mashirika watasema: mfadhili asipoona shida hatoi kitu, na asipotoa ni nyinyi mtakaolala njaa. Hilo hatulikatai. Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi, alikwenda Korem, Ethiopia, mwezi wa kumi mwaka 1984, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha zake za njaa zilionyeshwa tarehe 23 Oktoba, dunia ikashtuka, na kutoka hapo likaja hadi tamasha la Live Aid mwaka 1985. Kuna watu walikula kwa sababu ya kamera yake. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akawekewa mkono wa bandia na akarudi kazini, mpaka alipokufa mwaka 1996 kwenye ndege iliyotekwa na kuanguka karibu na Komoro. Huyo hatuwezi kumfundisha kazi.

Lakini njaa ya Korem ilikuwepo. Amin hakumvua mtu viatu. Shida ikiwepo, tutaipiga, na tutaipiga vizuri, kwa sababu mapaa yanayovuja ni ya kwetu. Tunachokataa ni shida ya kutengeneza. Na tunakataa shida iwe ndiyo sura ya pekee, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto ajifunze kwamba akiona kamera ya mgeni inabidi anune.

Tunaomba nini

Kwa wafanyakazi wa mashirika, tunaomba mambo matatu, na yote yanawezekana kesho asubuhi.

La kwanza, rudisheni foto. Mkimpiga mtu, mletee moja ya karatasi. Haizidi bei ya soda. Mkishajua kwamba mtasimama mbele ya mama huyo na kumpa picha mkononi, mtaipiga kwa namna nyingine. Hata sisi ndivyo inavyotufanya.

La pili, ulizeni vizuri. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na ridhaa imo. Lakini mtu aliyekaa kwenye foleni ya msaada, akiletewa karatasi ya Kiingereza asaini, hawezi kujua kama akikataa atapoteza zamu. Ulizeni kwa lugha yake, siku isiyo ya mgao, na mwambieni picha inaenda wapi.

La tatu, mkituajiri, tulipeni kama mafundi na andikeni jina la aliyepiga. Na mtuachie nafasi ya kusema "hii hapana" bila kupoteza kazi ya kesho. Bila hiyo nafasi, yule mtoto wa sandali atavua tena.

Kwa wenzetu wapiga picha: tusifute. Tunajua memori kadi ni ghali na simu imejaa. Lakini foto ya mahafali ya juzi ndiyo itakayokuwa kama zile za mzee Katuramu, tukiitunza. Andika nyuma yake jina, mahali na mwaka, kwa kalamu isiyofutika. Mkoba mmoja wa nailoni ndani ya sanduku unatosha kwa kuanza.

Na sisi wenyewe tuna deni. Tumemtafuta yule mtoto, tumempata, amekuwa mrefu na zile sandali hazimtoshi tena. Tumeongea na mama yake, tukamweleza tulichofanya. Alikaa kimya kidogo, halafu akatuambia tuje Jumapili, baada ya ibada, na tusimtoze kitu. Atapigwa na ndugu zake wote wanne, wamesimama mbele ya nyumba. Mama amesema viatu atavichagua yeye.

Bahasha itatoka Nyamityobora Jumatano, tukijaliwa.