Hapo Pana Kitu

Uliza kuna nini kwenye eneo ambalo halijajengwa. Muulize dalali, muulize mwekezaji, muulize hata ofisa aliyekunja ramani kwapani, na mara nyingi jibu litakuwa lile lile: hapo hakuna kitu, ni pori tu. Jibu hilo limezaa imani iliyokomaa katika miji yetu, kwamba kumpeleka mtaalamu wa ikolojia akahesabu miti, ndege na vyura kabla kibali cha ujenzi hakijatoka ni kupoteza muda na fedha, ni sharti la wafadhili, na maendeleo ya watu yanasimamishwa kwa ajili ya wadudu. Wanaosema hivyo si wajinga, na wengi wana nia njema kabisa. Wanaona uhaba wa nyumba, wanaona vijana wasio na kazi. Lakini imani yao imekosea, na imekosea pale pale inapojiona ina nguvu, yaani kwenye hesabu ya muda na fedha. Kinachotuchelewesha na kutufilisi ni kujenga juu ya ardhi tusiyoijua, na wanaoijua ardhi hiyo kuliko ramani yoyote ni viumbe walioizoea kwa vizazi.

Chukua kipande cha bonde mwezi Septemba. Udongo mweusi umepasuka nyufa za kupitisha kiganja, majani yamekauka, mbuzi wanakatiza. Anayekwambia hapa ni pakavu hadanganyi macho yako. Mtaalamu anayejua kazi yake atainama, na ataona visiki vya matete, ndago zilizolala zikisubiri mvua, na maganda matupu ya konokono wa majini yamezama kwenye zile nyufa. Akirudi Aprili usiku na tochi, atawakuta vyura wanaitana kila upande, na siku chache baadaye viluwiluwi wamejaa kwenye madimbwi. Kiluwiluwi hageuki chura kwa siku mbili. Wengi wanahitaji wiki kadhaa za maji yasiyokauka. Kwa hiyo mahali vyura wanapozaliana kila mwaka ni mahali ambapo maji hukaa kila mwaka, na habari hiyo mhandisi wa msingi wa nyumba anaihitaji kuliko mpenzi yeyote wa vyura. Ndivyo ilivyo pia ufukweni: mizizi ya mchu iliyochomoza kwenye tope kama penseli zilizosimikwa inakuonyesha bahari inafika wapi ikijaa, hata kama siku uliyokwenda kupima kiwanja maji yalikuwa yamekupwa. Orodha ya viumbe ambayo watu wanaidharau ni taarifa ya maji, udongo na chumvi, iliyoandikwa na mashahidi wasio na maslahi katika mauzo.

Jangwani, Dar es Salaam, ni mfano ulio mbele ya macho ya kila mtu. Hata jina lenyewe lina jangwa ndani yake, na kwa miezi mingi ya mwaka eneo lile linalistahili. Lakini ni uwanda wa mafuriko wa mto Msimbazi, mto unaoteremka kutoka vilima vya Pugu na kuingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda. Pale ndipo ilipojengwa karakana ya mabasi yaendayo haraka, mradi ambao awamu yake ya kwanza ilianza kubeba abiria Mei 2016. Mvua kubwa ziliponyesha, maji yaliingia karakana mara baada ya mara, Barabara ya Morogoro ikafungwa, na usafiri wa jiji zima ukayumba kwa sababu kitovu chake kilikuwa kimewekwa kwenye kitanda cha mto. Sisemi kwamba hakukuwa na ripoti ya mazingira. Mradi wa ukubwa ule hauendi bila ripoti. Ninachosema ni kwamba ripoti inayoandikwa wakati mahali pa kujenga pameshaamuliwa haina tena swali la kujibu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde la Msimbazi na kupunguza mafuriko yake. Mkopo huo tutaulipa sisi, na sehemu ya tutakachokuwa tunalipia ni kulirudishia bonde kazi ambayo lilikuwa likiifanya bure kabla hatujalijaza kifusi.

Mfano mwingine mara nyingi hutajwa dhidi yangu, na ndiyo maana nautaka. Katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, aliishi chura mdogo wa rangi ya njano asiyefikia urefu wa sentimita tatu, ambaye hatagi mayai majini kama vyura wengine bali huzaa watoto waliokamilika. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili za majani yaliyoloweshwa mchana na usiku na mvuke wa maporomoko. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi wa megawati 180 ulikuwa tayari unaendelea. Mitambo ilipowashwa na karibu maji yote kuelekezwa kwenye handaki, maporomoko yalififia na ule mvuke ukakatika. Kilichofuata kilikuwa kukimbizana na muda. Vyura wapatao 500 walisafirishwa kwenda Marekani mwaka 2000 ili kizazi chao kisipotee. Yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, kuiga kwa pampu na nozeli kile ambacho mto ulikuwa ukifanya kwa kuanguka tu. Ukaanzishwa mradi mwingine mzima, kwa fedha za mkopo, wa kusimamia mazingira ya Kihansi. Vyura wakaongezeka, kisha wakaporomoka ghafla huku ugonjwa wa kuvu ukibainika miongoni mwao, na mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 waliozaliwa ughaibuni walianza kurudishwa korongoni kwao.

Kwa watu wengi kisa hiki kinathibitisha kwamba vyura ni ghali. Nikitazama tarehe, naona jambo jingine. Chura yule alikuwepo korongoni kabla mhandisi wa kwanza hajafika. Kama korongo lingechunguzwa kwa makini, misimu yote, wakati mradi ukiwa bado mistari kwenye karatasi, swali la maji kiasi gani yaachwe yaanguke lingeulizwa pamoja na maswali mengine ya usanifu, na jibu lake lingeingia kwenye bajeti kama linavyoingia saruji. Umeme ungepatikana, pengine pungufu kidogo. Badala yake swali lilikuja mitambo ikiwa imeshafungwa na mikopo imeshasainiwa, na kila jibu likawa la dharura. Gharama ya Kihansi ni gharama ya kuchelewa kujua. Anayeitumia kudai tusichunguze kabisa ni kama mgonjwa aliyefika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa, akaona bei ya matibabu, akaapa kutopima tena afya yake.

Sheria yetu inalielewa jambo hili kuliko tunavyolitenda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya mradi kuanza au kugharimiwa, na kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Neno zito pale ni kabla. Katika mazoea yetu mwekezaji hununua ardhi, humlipa msanifu majengo, huenda benki, hupeleka hata greda likasafishe eneo, ndipo anamtafuta mshauri elekezi amtengenezee ripoti ya kuombea cheti. Mshauri anakuta miti imeng'olewa na udongo uko wazi, anaandika kwamba hakuna bioanuwai ya maana, na kwa siku hiyo anasema kweli. Kisha cheti kikikawia, lawama inakwenda kwa uchunguzi.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: watu kwanza, vyura baadaye. Nakubali watu kwanza. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto wao. Hawakuwa vyura waliokufa siku zile. Uchunguzi wa bonde unaofanywa kwa sababu ya viumbe wake ungekuwa umetoa onyo lile lile linalomhusu mama aliyepanga chumba pale, kwa sababu maji hayachagui. Anayetenganisha mahitaji ya watu na tabia ya ardhi wanayolalia hajawafikiria watu mpaka mwisho.

Jibu la pili ni zito zaidi, na sitalikwepa. Ripoti nyingi ni dhaifu. Kuna zinazonakiliwa kutoka mradi mmoja hadi mwingine, zikitaja wanyama ambao hawajawahi kuishi wilaya ile, na mshauri anayeziandika analipwa na yule yule anayetaka cheti. Kama uchunguzi ndio huo, wanasema, tuufute, tuache kudanganyana. Lakini dawa ya mizani iliyochezewa ni kuirekebisha, maana ukiitupa utabaki kukisia uzito. Mambo machache tu yangebadilisha mengi. Halmashauri imteue mtaalamu kutoka orodha ya waliosajiliwa, na mwekezaji alipe kwenye mfuko, asimlipe mtu wake mkononi. Ripoti iwekwe mahali ambapo mkazi yeyote wa kata anaweza kuisoma, kwa Kiswahili, maana ndiye atakayeishi na matokeo. Na ukurasa wake wa kwanza uandikwe tarehe na saa ambazo mtaalamu alikuwa eneo la mradi. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo ninaloling'ang'ania zaidi. Ripoti ya bonde iliyotokana na ziara mbili za Agosti, saa nne asubuhi, inatueleza habari za Agosti saa nne asubuhi. Haijui masika, haijui popo wanatoka wapi jua likizama, haijui ndege wahamiaji wanaofika mwishoni mwa mwaka. Ofisa anayetoa kibali hahitaji shahada ya ikolojia kuligundua pengo hilo. Anahitaji kusoma tarehe na kuirudisha ripoti.

Kuna wanaosema kusubiri msimu ni kumwua mwekezaji. Uingereza wanalalamika hivyo hivyo, na mnyama anayelaumiwa zaidi kule ni salamanda mdogo wa majini mwenye ushungi mgongoni, ambaye analindwa na sheria na hutafutwa kwenye madimbwi kwa wiki chache za majira ya kuchipua. Mjenzi aliyechelewa kuanza hulazimika kungoja mwaka unaofuata. Hata hivyo hawakumfutia ulinzi. Katika wilaya nyingi za England walianza kuchunguza madimbwi ya eneo zima mapema, wakachora ramani ya mahali salamanda walipo na wasipo, na mjenzi akaruhusiwa kulipia mpango wa pamoja wa kuchimba na kutunza madimbwi mapya badala ya kuanza upya kila kiwanja. Tena tangu Februari 2024 miradi mikubwa ya ujenzi kule inatakiwa kuiacha bioanuwai ikiwa imeongezeka kwa asilimia 10. Si kila kitu chao kinatufaa. Lakini wazo la kuchunguza mtaa mzima mara moja, kabla ya kuuza, linatufaa kuliko linavyowafaa wao, kwa sababu miji yetu ndiyo kwanza inatanuka.

Wazo hilo ndilo linalojibu pia malalamiko ya mjenzi mdogo, fundi cherehani au mwalimu aliyejinyima miaka kumi apate kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini na tano. Mtu huyo hapaswi kudaiwa ripoti ya ikolojia, na yeyote anayemdai anamwonea. Uchunguzi ulipaswa kufanywa ngazi ya juu yake, na mamlaka iliyopima eneo zima. Uwezo wa kupanga kwa kiwango hicho tunao. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulipima mitaa mizima pembezoni mwa jiji. Kwa mpango kama huo, wataalamu wawili watatu wakitembea misimu miwili mbele ya wapima ardhi, gharama ikigawanywa kwa maelfu ya viwanja ingekuwa ndogo mno kwenye bei ya kila kimoja. Bikoni zisingesimikwa kwenye njia ya maji. Kijito kingeachiwa mita zake 60 kikiwa na matete yake, ambayo huchuja uchafu na kupunguza kasi ya mafuriko. Yule mwalimu angejenga mahali ambapo ukuta haupasuki kila masika, na asingejua hata kwamba miaka miwili kabla yake kuna mtu alipita hapo usiku na tochi, magoti kwenye tope, akiandika ni vyura wa aina gani wanaoita.