Chema Hakijiuzi

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanachuo wangu methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo, nikiwa mstaafu hapa Jorodom, chini ya Mlima Hanang, nawaomba radhi. Methali hiyo ina kasoro, na aliyenionyesha kasoro hiyo ni marehemu Marijani Rajabu.

Vijana wengi hawamjui. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya sabini tulimsikia kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam, kwanza akiwa na Safari Trippers, kisha na Dar International, aliyoimba nayo "Zuwena". Tukamwita Jabali la Muziki. Jabali huyo alimaliza siku zake akiuza kanda kibandani jijini Dar es Salaam, akafariki mwaka 1995. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, naye ana miaka minne kaburini. Medali ya taifa ilikuja Desemba 9, 2012, miaka 17 baada ya kufa kwake. Medali ni heshima, sikatai. Lakini haikumnunulia hata kilo moja ya sembe.

Na huyo ndiye mwenye jina! Je, wapiga gitaa la besi na wapiga ngoma waliosimama nyuma ya waimbaji wa siku zile? Tulitajiwa bendi na wimbo, basi. Mara nyingi hata gitaa aliloshika mpigaji lilikuwa mali ya shirika au ya mwenye bendi. Siku alipoondoka, aliondoka na vidole vyake tu.

Wapo watakaosema wanamuziki walijiponza wenyewe kwa pombe na anasa. Ndugu msomaji, nimekuwa mkuu wa shule. Nimewaandikia walimu walevi barua za onyo, na walipostaafu walipata pensheni yao. Hakuna aliyesema wasilipwe kwa vipindi walivyofundisha. Kwa nini ulevi wa mwanamuziki ndio ufute jasho lake?

Wala lawama si ya serikali peke yake. Mimi mwenyewe nilinunua mnadani kanda zilizorudufiwa, kwa kuwa zilikuwa za bei ya chini. Watoto wangu walizicheza Krismasi nzima. Mtu akiniibia debe la mahindi nampeleka kwa mtendaji wa kijiji. Mimi niliyekula jasho la mwenzangu nilijiita mpenzi wa muziki.

Sasa nasema hivi: anayekuimbia harusini muulize jina, uliandike, umlipe angali hai. Mjukuu wangu alipooa, niliwalipa waimbaji na wapiga ngoma kabla hawajaanza, kila mmoja mkononi, kwa jina lake. Wazee wenzangu walinicheka, wakasema naharibu desturi. Desturi hiyo na iharibike.